Ukidanganywa katika biashara: kutoka hasira hadi hati ya madai

Mtu aliyetapeliwa kwenye biashara huja na faili nene. Ndani yake kuna mkataba uliosainiwa, stakabadhi za benki, picha za mitambo, na barua za kulaumiana zilizoandikwa miezi kadhaa baada ya mambo kuharibika. "Ushahidi ninao wote," anasema. Kisha unamuuliza: alikuambia nini hasa, kwa maneno yapi, siku gani, na wewe ukafanya nini kwa sababu ya maneno hayo? Hapo faili lote linanyamaza. Jibu linalokuja ni "aliniambia biashara iko vizuri."

Mtu huyu ametapeliwa kweli, na ameumia kweli. Lakini mahakama haimlipi mtu kwa kuwa tu alikutana na mwongo. Humlipa akionyesha kwamba kauli fulani ya uongo, iliyotolewa wakati fulani, ndiyo iliyomfanya achukue hatua fulani, na hatua hiyo ndiyo iliyomtia hasarani. Kauli, kuiamini, hatua, hasara. Kiungo kimoja kikikatika mnyororo wote unaanguka, hata kama jaji mwenyewe anaona kwamba mdaiwa si mwaminifu. Inauma kuona mwenye haki akishindwa namna hii, na inauma zaidi ukijua kwamba viungo vyote vilikuwepo, ila hakuna aliyevitafuta mapema.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Mtu ananunua karakana ya uchapishaji pamoja na mashine zake, jina lake na wateja wake. Tarehe 14 Machi, kwenye mazungumzo, muuzaji anamwambia: "Mteja wetu mkubwa ni mchapishaji wa vitabu, bado tuna mkataba naye wa miaka 3." Mnunuzi anasaini na kulipa. Wiki ya 6 anapanga makaratasi ya droo la ofisi na kukutana na barua ya mchapishaji yule yule, ya kusitisha mkataba. Pembeni mwa barua kuna muhuri wa karakana: IMEPOKELEWA, 3 MACHI.

Muhuri huo una thamani kuliko faili lote nene. Ili kuona kwa nini, lazima tupite kiungo kimoja baada ya kingine.

Alisema nini?

Kila anayeuza husifia chake. "Karakana hii ni dhahabu" ni maneno ya sokoni, na sheria humtarajia mnunuzi ajue hivyo. "Tuna mkataba wa miaka 3" ni kitu kingine kabisa, kwa sababu siku ile ile yaliposemwa, maneno hayo yalikuwa ama kweli ama uongo. Kauli ya namna hiyo ndiyo inayobeba madai.

Ugumu uko katikati, kwenye maoni na ahadi. Katika miaka ya 1920 majaji wa London walisikiliza rufaa kutoka New Zealand, Bisset dhidi ya Wilkinson. Muuzaji wa ardhi alikuwa amesema ardhi yake inaweza kubeba kondoo 2,000. Mnunuzi akadai haiwezi. Alishindwa, kwa sababu pande zote mbili zilijua kwamba ardhi ile haikuwa imetumika kama shamba la kondoo, kwa hiyo alichotoa muuzaji kilikuwa makisio tu. Lakini neno "nadhani" si kinga ya kila mahali. Mtu mwenye taarifa zote mkononi akikupa maoni ambayo mwenyewe hayaamini, amekudanganya kuhusu kilichomo kichwani mwake, na hicho nacho ni jambo la kweli au uongo.

Kesi ya Edgington dhidi ya Fitzmaurice ya 1885 iliweka jambo hili sawa kwa namna ambayo haijasahaulika. Wakurugenzi wa kampuni waliwaomba watu wawakopeshe fedha, wakisema ni za kuboresha majengo na kununua farasi na magari ya kukokotwa. Kumbe zilikuwa za kulipa madeni yaliyowabana. Walijitetea kwamba walichosema ni nia tu, si ukweli wa jambo. Jaji Bowen akawajibu kwamba hali ya akili ya mtu ni jambo la ukweli sawasawa na hali ya tumbo lake. Ugumu ni kuithibitisha tu. Kwa hiyo anayevunja ahadi aliyoitoa kwa nia njema amevunja ahadi, basi. Anayeitoa huku akijua kabisa hatatekeleza amelaghai.

Na aliyenyamaza je? Mwelekeo wa sheria za asili ya Kiingereza ni kwamba mtu hana wajibu wa kukuambia kila kitu anachokijua. Hapa wengi hukata tamaa mapema mno, kwa sababu kanuni hiyo ina matundu makubwa. Anayesema nusu ya ukweli huku akificha nusu inayoubadilisha, amedanganya. Mwenye jukumu la kuaminiwa, kama wakala au mbia, ana wajibu wa kusema. Na aliyesema kweli jana, mambo yakabadilika leo, hawezi kukuacha usaini kesho ukiamini ya jana. Mwaka 1934 daktari mmoja Mwingereza aliyetaka kuuza kliniki yake alisema mwezi Januari kwamba inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, na ilikuwa kweli. Kisha akaugua, wagonjwa wakahama. Mkataba ulipokuja kusainiwa mwezi Mei karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha, na hakuna aliyemwambia mnunuzi. Mahakama ya Rufaa ilitengua mkataba ule mwaka 1936, katika kesi ya With dhidi ya O'Flanagan. Ufaransa huenda mbali zaidi: kifungu cha 1137 cha sheria yao ya madai huhesabu kuwa ulaghai kitendo cha kuficha kwa makusudi habari ambayo mtu anajua ni ya uzito kwa uamuzi wa mwenzake.

Kwa karakana yetu hatuhitaji matundu haya. Muuzaji alitamka. Lakini tuseme angekuwa mjanja zaidi, asitamke lolote kuhusu mkataba, ila amkabidhi mnunuzi nakala ya mkataba wenyewe na kuiacha barua ya kusitisha ndani ya droo. Kumkabidhi mtu karatasi iliyokufa kana kwamba ni hai ni kauli pia. Uongo hauhitaji mdomo.

Uliyaamini maneno hayo?

Swali ambalo mawakili wa upande wa pili hulipenda kuliko yote ni hili: "Kwa nini hukukagua?" Limewanyamazisha wengi wenye haki, kwa sababu linaingia moja kwa moja kwenye aibu ya mtu. Aliyetapeliwa tayari anajilaumu, na sasa analaumiwa mbele ya watu.

Jibu la sheria ya Uingereza lina umri wa zaidi ya miaka 140. Redgrave alikuwa wakili mzee wa Birmingham aliyetafuta mbia wa kuingia ofisini mwake na kununua nyumba yake. Alimwambia Hurd kwamba ofisi inaingiza kama pauni 300 kwa mwaka. Muhtasari aliouonyesha ulifika kama 200 tu, na alipoulizwa akasema pengo linajazwa na kazi nyingine zilizomo kwenye bunda la makaratasi. Bunda lilikuwa mezani. Hurd hakulifungua sawasawa. Angelifungua angeona kwamba kazi hizo zilileta pauni chache tu. Alikubali kununua nyumba kwa pauni 1,600, akalipa arubuni, akahamia, kisha akagundua na kukataa kumalizia. Mahakama ya Rufaa ikasema mwaka 1881 kwamba aliyekudanganya hawezi kujitetea kwamba ungekuwa makini ungemgundua. Mlango wa ukweli ulikuwa wazi, ndiyo, lakini yeye ndiye aliyekwambia hakuna haja ya kupita.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu sheria hazifanani. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyoigwa katika nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, inasema katika kifungu cha 19 kwamba kama ridhaa ilipatikana kwa kauli potofu isiyo ya ulaghai, au kwa ukimya wa kilaghai, mkataba hautenguki iwapo mlalamikaji angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Chini ya sheria ya namna hiyo, swali la "kwa nini hukukagua" lina meno. Kabla ya lolote, jua uko chini ya sheria ipi.

Na kuna namna mbili za kuukata mnyororo huu mwenyewe. Ya kwanza ni kuwatuma watu wako wakachunguze, kisha ukaamua kwa kuwaamini wao; wanunuzi katika kesi ya Attwood dhidi ya Small, mwaka 1838, walishindwa kwa sababu hiyo. Ya pili ni uongo usiokufikia kabisa. Mwaka 1862 mtu aliyeuziwa mzinga wa vita wenye kasoro iliyozibwa alishindwa kwa kuwa hakuwahi kuutazama kabla ya kuupokea: kilichofichwa hakikumdanganya, maana hakuangalia.

Lakini uongo hauhitaji kuwa sababu pekee. Ukiwa mmoja wa sababu zilizokusukuma, unatosha. Na kushuku kidogo hakukuharibii. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mwaka 2016, katika kesi ya kampuni ya bima ya Zurich dhidi ya Hayward, kwamba kampuni iliyoshuku udanganyifu na bado ikakubali kulipa bado ingeweza kutengua makubaliano baada ya ukweli kupatikana.

Kiungo hiki huthibitishwa vipi? Si kwa kuapa kizimbani miaka miwili baadaye kwamba uliamini. Huthibitishwa kwa maneno uliyoandika siku zile, kabla hujajua kuna kesi. Mnunuzi wa karakana, usiku wa tarehe 14 Machi, alimtumia mwenzake ujumbe wa simu: "Mkataba wa miaka 3 upo. Basi tuendelee." Mstari mmoja, wenye tarehe na saa, uliotumwa bila kufikiria mahakama. Kuna watu hufuta ujumbe wa namna hii wakisafisha simu. Nawasihi, msifute.

Ulaghai, uzembe, au mkataba kuvunjwa?

Ukishajua uongo ni upi, hasira inataka neno moja: ulaghai. Hapa ndipo ninapomshauri kila mtu apumue kwanza.

Ulaghai mahakamani una maana nyembamba. Mwaka 1889 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, liliamua kesi ya Derry dhidi ya Peek. Kampuni ya tramu ya Plymouth iliwaalika watu kununua hisa ikisema ina haki ya kutumia mvuke badala ya farasi. Haki hiyo ilihitaji kibali cha serikali, ambacho wakurugenzi waliona ni suala la muda tu. Kibali kilikataliwa kwa sehemu kubwa ya njia, kampuni ikafungwa, na Peek akapoteza fedha yake. Akashindwa kesi. Lodi Herschell alisema ulaghai unathibitika pale kauli ya uongo inapotolewa kwa kujua, au bila kuiamini, au kwa kutojali kama ni kweli au uongo. Wakurugenzi wale waliamini walichosema, ingawa bila msingi wa kutosha. Bunge lilikereka kiasi kwamba mwaka uliofuata lilitunga sheria ya kuwabana wakurugenzi wanaotoa matangazo ya hisa.

Kwa hiyo anayedai ulaghai anabeba mzigo wa kuingia kichwani mwa mwenzake na kutoka na ushahidi. Mahakama nyingi huutazama ushahidi huo kwa jicho kali, na majimbo mengi ya Marekani hutaka uwe wazi na wa kusadikisha kuliko ule wa madai ya kawaida. Ndiyo maana muhuri wa tarehe 3 Machi una uzito wote huu. Unasema: ofisi yako iliipokea barua hii siku 11 kabla hujafungua mdomo.

Usipokuwa na muhuri, kuna milango mingine. Mmoja ni uzembe: mwenye ujuzi aliyekupa taarifa akijua utaitegemea, bila uangalifu, anaweza kuwajibika hata kama alikuwa mkweli moyoni. Uingereza iliufungua mlango huo mwaka 1963 katika kesi ya Hedley Byrne, kisha Sheria ya Kauli Potofu ya 1967 ikaupanua kwa kugeuza mzigo: ukishaonyesha kwamba kauli iliyokuingiza kwenye mkataba ilikuwa ya uongo, ni aliyeitoa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu za msingi za kuiamini. Wenye matishari, yaani mashua bapa za kubebea mizigo, katika kesi ya Howard Marine ya 1978 waliona uzito wake. Meneja wao aliwaambia wateja waliotaka kuyakodi kwamba kila tishari linabeba tani 1,600, akitegemea rejesta maarufu ya meli aliyoikumbuka kichwani. Ukweli ulikuwa tani 1,055, na hati za meli zenye takwimu sahihi zaidi zilikuwa kwenye mafaili ya kampuni yake mwenyewe. Hakuna aliyesema yeye ni tapeli. Kampuni iliwajibika hata hivyo.

Mlango wa mwisho ndio ambao watu huupita bila kuuona: mkataba wenyewe. Kama maneno "mkataba na mchapishaji una miaka 3" yameandikwa ndani ya mkataba wa mauziano kama dhamana ya muuzaji, huhitaji kuthibitisha nia wala uzembe. Alidhamini, haikuwa kweli, alipe. Kama ipo dhamana iliyoandikwa, mimi ningeanza na hiyo kila mara, na kuuongeza ulaghai pale tu ushahidi wake ulipo mkononi. Sisemi hivi kwa kuwaonea matapeli huruma. Anayedai ulaghai akashindwa huondoka na gharama za kesi, tena hupoteza imani ya jaji hata kwenye madai yake mengine yaliyokuwa na nguvu.

Redgrave na Hurd wanatufunza hapa kwa mara ya pili. Hurd alifanikiwa kujinasua kwenye ununuzi wa nyumba, lakini dai lake la fidia kwa udanganyifu lilikataliwa. Sababu? Hati yake ya madai haikusema kwamba Redgrave alijua kauli yake ni ya uongo. Kilichomkosesha fidia ni sentensi moja iliyokosekana.

Ulaghai lazima utajwe kwa kina. Marekani, kanuni ya 9(b) ya mahakama za shirikisho inalidai hilo waziwazi, na mahakama za kwingine hufuata njia hiyo hiyo. Soma sentensi hii: "Mdaiwa alimdanganya mdai kuhusu hali ya biashara." Haina kitu. Sasa soma hii: "Tarehe 14 Machi, ofisini kwa mdaiwa, mbele ya mhasibu wa mdai, mdaiwa alitamka kwamba mkataba na mchapishaji ulikuwa umebakiza miaka 3. Kauli hiyo ilikuwa ya uongo, kwa kuwa mchapishaji alikwisha kuusitisha. Mdaiwa alijua hivyo, kwa kuwa barua ya kusitisha ilipokelewa ofisini kwake tarehe 3 Machi, na muhuri wake upo kwenye kielelezo." Ukiweza kuandika aya ya namna hii peke yako, kabla hujamwona wakili, umemaliza nusu ya kazi.

Siku za kwanza baada ya kugundua

Mkataba uliopatikana kwa uongo haufi wenyewe. Unabaki hai hadi aliyedanganywa auvunje, na haki hiyo hupotea haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukishajua ukweli ukaendelea kuishi kana kwamba mkataba ni mzuri, umeukubali.

Mwaka 1958 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Long dhidi ya Lloyd. Mtu alinunua lori lililosifiwa kuwa katika hali nzuri isiyo ya kawaida. Siku chache tu, dinamo ikafa, mafuta yakavuja, gurudumu likaonekana lina ufa. Muuzaji akajitolea kulipa nusu ya gharama ya dinamo, mnunuzi akakubali. Kisha akalituma lori safari nyingine ndefu. Liliharibika njiani. Alipotaka kulirudisha, mahakama ilimwambia amechelewa: kwa kupokea nusu ile na kulipeleka lori safari ya pili huku akijua kasoro zake, alikwisha kulikubali. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa wema tu, kwa kutotaka ugomvi.

Linganisha na Caldwell, aliyeuza gari lake Januari 1960 na kulipwa kwa hundi isiyo na fedha. Asubuhi iliyofuata benki ikamwambia. Tapeli alikuwa ameshatoweka, hapatikani hata kwa barua. Caldwell akaenda polisi na kwenye chama cha wenye magari, akiomba gari litafutwe. Mahakama ikasema hiyo ilitosha kuwa tangazo la kuvunja mkataba, ingawa tapeli mwenyewe hakuambiwa. Aliyelinunua gari baadaye alikuta haki ya tapeli ilikwisha kufa.

Kwa hiyo mnunuzi wa karakana, siku aliyoiona barua, asianze kwa kupiga simu ya matusi. Aipige barua picha pale pale ndani ya droo, aitoe nakala, aiweke halisi mahali salama. Aandike alivyokumbuka mazungumzo, na atie tarehe. Ahifadhi simu yenye ujumbe bila kuibadilisha. Amwombe mhasibu wake aandike alichosikia, kwa maneno yake mwenyewe na bila kusaidiwa. Kisha, ndani ya siku chache, amwandikie muuzaji barua fupi: nimegundua hili, sikubali mkataba uendelee, nahifadhi haki zangu zote. Kama lazima aendelee kuiendesha karakana ili isife, aseme hivyo ndani ya barua, kwamba anaiendesha kupunguza hasara tu. Asilipe awamu inayofuata kabla ya kupata ushauri, na asipokee "kapunguzo ka bei" bila kuelewa anachosaini.

Muda nao unahesabu. Ujerumani humpa aliyelaghaiwa mwaka 1 tangu agundue ili autengue mkataba. Ufaransa ni miaka 5 tangu kugundua. Uingereza ni miaka 6, na kwenye ulaghai saa huanza kugonga pale mdai alipogundua, au pale ambapo angegundua kwa bidii ya kawaida. Maneno hayo ya mwisho yanamhusu kila anayeahirisha.

Fidia

Watu hudhani fidia ni faida waliyoahidiwa. Kwenye kuvunjwa kwa mkataba ni karibu na hivyo: unawekwa pale ambapo ungekuwa kama ahadi ingetimia. Kwenye ulaghai unarudishwa pale ulipokuwa kabla hujadanganywa. Kama karakana ingekuletea faida kubwa endapo mkataba wa vitabu ungekuwepo, na dhamana imeandikwa, njia ya mkataba inaweza kulipa zaidi. Kama biashara yote iliporomoka baada ya kununua, njia ya ulaghai ndiyo inayokulinda.

Inakulinda kwa mapana. Katika Doyle dhidi ya Olby ya 1969, mtu aliuziwa duka la vifaa vya chuma akiambiwa mauzo yote hufanyika kaunta, kumbe kama nusu yaliletwa na mchuuzi anayezunguka. Lodi Denning alisema mlaghai hulipa hasara yote iliyotokana moja kwa moja na ulaghai wake, hata ile ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1996 Baraza la Malodi lilishikilia hapo hapo. Kampuni ya Smith New Court ilinunua hisa za Ferranti kwa bei ya juu baada ya kudanganywa kwamba kuna washindani wengine. Baadaye ikajulikana kwamba Ferranti yenyewe ilikuwa imelaghaiwa na watu wengine kabisa, na hisa zikaanguka. Mdaiwa alisema anguko hilo halimhusu. Alihukumiwa kulipa hasara yote, zaidi ya pauni milioni 10, kwa kuwa uongo wake ndio uliomfunga mnunuzi na hisa zile.

Vifungu vinavyotisha na watu wanaojificha

Mikataba mingi ina kifungu kinachosema mnunuzi hakutegemea kauli yoyote isiyoandikwa humo. Kwenye uzembe kinaweza kukuumiza sana. Kwenye ulaghai si ukuta. Mwaka 1907, mkandarasi wa Dublin aliambiwa katika mkataba ajithibitishie kila kitu mwenyewe, huku michoro aliyopewa ikionyesha ukuta wenye msingi wa futi 9 ambao haukuwepo. Baraza la Malodi likasema mtu hawezi kutumia kifungu kujikinga na ulaghai wake mwenyewe. Kifungu cha usuluhishi ni tofauti. Hicho mara nyingi hubaki hai hata kama unasema mkataba wote ulipatikana kwa hila, kwa hiyo soma kabla hujakimbilia mahakamani.

Usidanganyike pia kwamba kampuni ni pazia la kumficha aliyesema uongo. Baraza la Malodi liliamua mwaka 2002, katika kesi ya Standard Chartered dhidi ya shirika la meli la Pakistan, kwamba mkurugenzi aliyelaghai kwa niaba ya kampuni yake anawajibika yeye mwenyewe. Hukumu hiyo hiyo ilikataa utetezi kwamba aliyelaghaiwa naye alikuwa mzembe.

Polisi wanaweza kumfungulia mtu yule yule kesi ya jinai, na uchunguzi wao unaweza kufumbua mengi. Ila kazi ya jinai ni kuadhibu, na hasara yako inaweza kubaki pale pale. Zaidi ya hapo, kusema "nilipe la sivyo naenda polisi" kunaweza kukugeuza wewe mshtakiwa katika nchi nyingi. Toa taarifa kama unatoa, lakini usiifanye bei.

Hukumu bila mali ya kuikazia ni karatasi tu, na tapeli huhamisha mali mapema. Tangu 1975 mahakama za Uingereza, na nyingi zilizofuata mkondo wake, hutoa amri ya kuzuia mali ya mdaiwa isihamishwe kabla ya hukumu, hata bila kumjulisha kwanza, ukionyesha una madai yenye nguvu na kuna hatari ya kweli ya mali kuyeyuka. Tangu 1973 kuna pia amri ya kumlazimisha mtu wa tatu asiye na hatia, kwa mfano benki, atoe taarifa za nani aliyehusika na fedha zimekwenda wapi. Amri hizi hutolewa kwa haraka kwa anayekuja haraka, akiwa na tarakimu mkononi.

Na tarakimu hizo mnunuzi wetu anazo. Zimo ndani ya lile faili nene, chini ya picha za mitambo, kwenye stakabadhi ya benki aliyoiona haina kazi: siku aliyolipa, kiasi alicholipa, na namba ya akaunti fedha ilikoingia.